Paa la Siku Tisini

Siku ya Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, mafundi sita walikuwa juu ya paa la kiwanda cha magodoro, wamebakiza paneli sitini za umeme wa jua kati ya mia nne na kumi na mbili. Reli za kuzishikilia zilikuwa zimeshafungwa, nyaya zimeshalazwa, na jua lilikuwa limeanza kuwauma shingoni. Kilichokosekana ni winchi. Winchi ya kupandishia paneli ilitakiwa ifike Jumatatu, ikasemekana imekwama kwenye kazi nyingine. Msimamizi wao, waliyemwita Fasta kwa sababu hakuwa na neno jingine mdomoni, akasema kwamba paneli hazina miguu ya kupanda zenyewe, lakini kamba si ipo.

Kamba aliyoisema ni kamba ya usalama. Ilikuwa moja, nyekundu, nene kama kidole gumba, imevutwa kutoka mwisho mmoja wa paa hadi mwingine, na kila fundi alitakiwa ajiunge nayo kwa ndoano ya mkanda wake. Haikuwa mara ya kwanza. Katika kampuni ile winchi ilikuwa ya kwenye karatasi, kamba ndiyo ilikuwa ya kazini. Wawili wanasimama ukingoni, wawili wanabaki chini, paneli inafungwa miguu yote kama mbuzi wa mnadani, inavutwa. Mikanda inabaki viunoni, ili akitokea mtu wa kupiga picha asikute watu uchi.

Aliyetumwa kuifungua alikuwa Spana. Spana alikuwa na miaka arobaini na sita, shule aliiacha darasa la sita, na kwa kufunga reli hakuwa na mpinzani. Alipita kwa mmoja mmoja, akizichomoa ndoano, mpaka akafika kwa wa mwisho, mume wa mdogo wake.

Huyu aliitwa Shemeji. Spana ndiye aliyemleta kazini, na kwa kuwa alimwita shemeji kutwa nzima, wenzake nao wakashikia hapo hapo. Mlinzi wa geti alimwita Shemeji, muuza chai alimwita Shemeji, Fasta mwenyewe alimwita Shemeji. Yeye alisema ameoa nyumba moja akapewa wakwe mji mzima. Alikuwa mtu wa kukagua. Akifunga mlango wa nyumba yake, alitembea hatua kumi kisha akarudi kuusukuma. Jiko alilizima mara mbili. Mkewe alisema kwamba siku mumewe atakapokufa, atarudi kuangalia kama amekufa kweli.

Spana aliposhika ndoano yake, Shemeji alimtazama mkono.

"Shemeji, hii ukiichukua mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na akili zako."

"Basi nirudishie ndoano."

Wakacheka. Spana akaifungua ndoano kwa mkono wake wa kulia, akaikusanya kamba begani, akaipeleka ukingoni.

Paa lile lilikuwa na tabia yake, na mafundi wote waliijua. Kila bati la saba halikuwa bati, lilikuwa plastiki ya kuingiza mwanga kiwandani. Mwaka uliopita mwenye kiwanda, kwa ajili ya joto, aliamuru paa lote lipakwe rangi moja ya kijivu. Ukilitazama lote ni bati. Kwa hiyo mafundi walitembea wakihesabu: moja hadi sita unakanyaga, la saba unaliruka. Shemeji alianza kuhesabu kutoka kwenye mfereji wa maji, kwa sauti, kama kawaida yake. Ila bati la kwanza kabisa lilikuwa nusu, limeingia chini ya mfereji, naye hakulihesabu. Alipofika sita akakanyaga, na la sita lilikuwa la saba. Plastiki ikavunjika kama biskuti.

Wenzake walitambaa juu ya reli mpaka kwenye tundu, wakachungulia. Shemeji alikuwa upana wa kiganja kimoja chini ya paa, mgongo umepinda kidogo, miguu mbele, kama mtu anayetaka kukaa na kiti kimeondolewa. Drili ilikuwa mkononi. Vipande vya plastiki vilikuwa hewani kando yake. Alikuwa anaanguka, lakini polepole sana, kiasi kwamba usipotulia huoni.

Fasta alimuuliza kama drili imepona. Shemeji akasema imepona. Fasta akamwambia ampe basi, watu wana kazi, naye akainyanyua kadiri alivyoweza, lakini drili haikupanda. Wakaileta kamba, wakampitishia kwapani, wakavuta watu watano. Kamba ikakaza mpaka ikalia. Shemeji hakupanda hata unywele mmoja.

"Mwacheni," alisema Fasta. "Anayeanguka hapandi. Zimebaki paneli sitini."

Wakamfungua, wakairudisha kamba ukingoni.

Chini, dereva wa foklifti ya kunyanyulia magodoro alipanda na uma zake akachora alama ya chaki kwenye nguzo, usawa wa kisigino cha Shemeji. Kesho yake saa ile ile akapanda tena akachora nyingine. Kati ya alama mbili palikuwa na upana wa kiganja. Dereva huyu alikuwa mkali wa hesabu kwa sababu alicheza bahati nasibu kila wiki, na hakumaliza hata sigara moja kabla ya kupata jibu. Kutoka alama ya kwanza hadi sakafuni ni mita tisa. Kwa mwendo ule, Shemeji angefika baada ya siku tisini.

Spana ndiye aliyekwenda kumwita mdogo wake, siku ile ile ya Jumanne. Alimkuta kazini, kwenye zahanati alikofanya usafi, anakamua dekio. Alimweleza njiani. Mwanamke hakupiga kelele. Alifika na mkoba wake, akasimama katikati ya mashine za kukatia sponji, akainua kichwa.

"Umekula?" akamuuliza mumewe.

"Bado."

Dereva wa foklifti akaweka paleti safi ya mbao kwenye uma, akampandisha, na mke akamlisha mume mkate na chai kwa kijiko. Ikawa hivyo kila siku saa sita na nusu, wafanyakazi wa kiwanda wakiwa kwenye mapumziko. Fundi mkuu wa kiwanda alisogeza mashine moja ya kukatia mita mbili kushoto, wakaendelea na kazi.

Jioni ya siku ya kwanza, Spana akimsindikiza nyumbani, mdogo wake alimuuliza swali moja tu.

"Kaka, kamba ilikuwa wapi?"

Spana akajibu kwamba kamba ilikuwepo. Hakusema uongo. Kamba ilikuwepo, ingawa mtu hawezi kuning'inia kwenye jibu la namna hiyo. Mdogo wake akasema alimuuliza mumewe jambo hilo hilo, naye akamjibu: muulize kaka yako. Hakuuliza tena.

Siku ya tatu alikuja ofisa wa usalama wa kampuni, amevaa kofia ngumu ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani. Alibeba fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, "amejeruhiwa" na "hajajeruhiwa". Akamtazama Shemeji kwa muda mrefu, akamuuliza kama anaumwa mahali. Shemeji akasema shingo tu, ya kuangalia juu. Ofisa akaweka alama kwenye "hajajeruhiwa". Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akakuta kwamba Jumanne Shemeji aliondoka paani saa nne, wakati saa ya kutoka ni kumi na moja, na hakuaga. Hilo nalo akaliandika mahali pake.

Alipokuwa anafunga mkoba, akasema kwa upole kwamba ndiyo dunia ilivyo, ajali haina kinga.

"Ilikuwa nayo," Shemeji akasema kutoka hewani. "Ilikuwa inavuta paneli."

Ofisa akasema maoni ya mdomo hayana sehemu kwenye fomu.

Ripoti ilikuwa na sentensi nne. Mfanyakazi alikosea kuhesabu mabati. Mfanyakazi alikuwa amevaa mkanda. Mkanda haukuwa umeunganishwa na kamba. Kamba ilikaguliwa ikakutwa nzima. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo, na hilo ndilo lililomsumbua Spana aliposomewa. Angekuta uongo angepinga. Chini palikuwa na mstari wa shahidi, na Fasta alikuwa amesimama na kalamu. Spana aliwafikiria wanawe wanne. Akaufikiria pia mkono wake wa kulia, akatia sahihi kwa mkono huo huo.

Paneli sitini zikapandishwa. Tundu nalo likawa linaingiza mvua kwenye sponji, kwa hiyo Fasta akaagiza reli fupi ivushwe juu yake na paneli moja ya ziada iwekwe pale. Spana ndiye aliyeifunga. Kabla ya kukaza klampu ya mwisho ya kuishikilia aliinama akachungulia. Shemeji alikuwa mita mbili na zaidi chini, kwenye mwanga wa mwisho kutoka juu, anavisogeza vipande vya plastiki kwa kidole visimguse uso.

"Legeza hiyo klampu ya kulia," Shemeji akamwambia. "Umeikaza kombo."

Spana akatazama. Kweli ilikuwa kombo. Akailegeza, akaikaza upya, kiwanda kikawa na giza kidogo.

Kampuni ilihamia kwenye kazi nyingine, lakini Spana alipita kila jioni. Mashemeji wana utani wao, na hawakuuacha. Shemeji alisema sasa ndiye mtu wa cheo kuliko wote ukooni, kila mtu anaongea naye kichwa juu. Spana alisema cheo chenyewe kinashuka. Walicheka, kisha Spana akasema kesho kuna kazi mapema, akaenda zake.

Siku ya arobaini na moja mke alikuja na binti yao wa miaka minane, akiwa bado na sare ya shule. Mtoto alipandishwa kwenye paleti pamoja na mama yake. Alimsalimia baba yake, akapokea salamu, akawa anachezea kamba ya kiatu. Halafu akauliza:

"Baba, ni kweli hujui kuhesabu?"

Kumbe mzazi mwenzao mmoja alikuwa karani wa kampuni. Ripoti ilipita mezani kwake, ikafika nyumbani kwake, na mtoto wake akaipeleka shuleni. Darasani sasa, kila hesabu ya kujumlisha, watoto walimgeukia binti wa Shemeji.

Shemeji alimwambia najua kuhesabu, mama, ila bati moja lilijificha. Mtoto akasema aliwaambia hivyo hivyo, hawakumwamini. Wakashushwa.

Jioni ile Spana alipokuja hakukuwa na utani. Shemeji alimweleza yote. Alisema kosa la kuhesabu ni lake na hakatai, atakufa nalo.

"Lakini shemeji, kamba iliwekwa kwa ajili ya watu wanaokosea kuhesabu. Kama watu wote wangehesabu sawa siku zote, nani angenunua kamba? Nenda kaandike ilikuwa wapi. Sitaki mwanangu aambiwe baba yake alikuwa mzembe. Mimi. Mimi ninayezima jiko mara mbili."

Spana akasema ataandika. Alisema hivyo siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila asubuhi alivaa buti akiwa na nia ya kupitia ofisini, na kila asubuhi gari la kampuni lilifika kabla ya nia. Shemeji hakumkumbusha. Alikuwa anashuka tu, kiganja, kiganja, na dereva wa foklifti alikuwa akichora alama zake kwenye nguzo kama mtu anayempima mtoto kimo, ila huyu alikuwa anapungua.

Ndipo likaja suala la magodoro. Kiwanda kizima ni magodoro, na chini ya mtu anayeanguka palikuwa na saruji tupu. Mtunza stoo, mama mmoja mkali aliyekuwa hatoi hata uzi bila karatasi yenye sahihi mbili, alizipata sahihi mbili mwenyewe na akasema anatoa magodoro kumi yenye kasoro. Mke wa Shemeji alifurahi, akamshika mikono. Kisha dereva wa foklifti akapiga hesabu. Godoro moja lina unene wa viganja viwili. Magodoro kumi ni viganja ishirini. Sakafu ikiinuka viganja ishirini, Shemeji atafika siku ishirini mapema.

Mke akakaa juu ya paleti. Baada ya muda akasema yarudishwe stoo, yote. Mtunza stoo akamuuliza kama amefikiri. Akasema amefikiri, siku ni siku. Shemeji alisikia yote kutoka juu, akamwita mkewe, wakabishana mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Weka moja," Shemeji akasema mwishoni.

"Litasaidia nini moja?"

"Halitasaidia kitu. Weka, ili usije ukasema hukuweka."

Likawekwa moja. Siku tisini zikawa themanini na nane.

Siku ya sitini kulikuwa na uzinduzi. Viti vilipangwa kati ya mashine, wageni wakaja, mafundi wa paneli wakaitwa wote na kupewa fulana mpya. Shemeji wakati huo alikuwa mita tatu kutoka sakafuni, katikati kabisa ya picha. Meneja wa kiwanda aliagiza kitambaa kikubwa chenye nembo kitundikwe mbele yake, na Fasta alipanda ngazi kumwomba, kwa adabu, asipige chafya. Mgeni wa heshima alisema jua halitumi bili na halimuumizi mtu. Akabonyeza kitufe. Mashine za kukatia sponji zikaamka zote kwa pamoja, zikanguruma kwa nguvu za paneli mia nne na kumi na mbili, na moja zaidi iliyokuwa juu ya tundu. Watu wakapiga makofi. Yalipokwisha, makofi ya mtu mmoja yalibaki nyuma ya kitambaa, polepole, ya mtu anayekubali kazi. Shemeji alikuwa amefunga paneli mia na ishirini kwa mikono yake, na zilikuwa zinafanya kazi.

Spana alikuwa amesimama mstari wa mbele na fulana yake. Asubuhi iliyofuata gari la kampuni lilipofika halikumkuta. Alikuwa ofisini, kwenye benchi, na karatasi ya mistari aliyoiandika usiku kucha kwa herufi kubwa. Ilisema winchi haikuja. Ilisema msimamizi aliagiza kamba ivute paneli. Ilisema aliyefungua ndoano ya marehemu, akalikata neno marehemu na kuandika mfanyakazi, ni yeye mwenyewe. Katibu muhtasi aliisoma, akamuuliza kama ana uhakika, akaigonga muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Akamtolea nakala.

Spana aliipeleka nakala kiwandani, akaisoma kwa sauti chini ya miguu ya Shemeji. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, shemeji," akasema. Kisha akauliza: "Na nyumbani umesoma?"

Spana akasema bado.

"Huko hawagongi muhuri," Shemeji akasema, akageuza uso.

Zilibaki siku ishirini na saba. Spana alizimaliza ishirini na sita.

Ijumaa ya mwisho, mapumziko ya saa sita na nusu, alimkuta mdogo wake amekaa kwenye godoro, na beseni la maji pembeni. Hakukuwa tena na haja ya foklifti. Nyayo za Shemeji zilikuwa juu ya godoro kwa upana usiotimia kiganja. Mkewe alikuwa amemvua soksi, anamkata kucha. Shemeji alikuwa amefumba macho kama mtu aliyeko kwa kinyozi.

Spana akachuchumaa.

"Mdogo wangu. Kamba niliifungua mimi. Fasta alisema, nikafungua, kwa mkono huu. Nilimwambia abaki na akili zake."

Mdogo wake hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Aliukata ukucha wake taratibu, akaulainisha kwa tupa, akaupuliza. Shemeji alikuwa amefumbua macho, anatazama paa.

"Fundi," mdogo wake akasema, "nisogezee hilo beseni."

Alikuwa amemwita kaka tangu alipojifunza kusema.   Spana akalisogeza beseni.

Jumamosi saa nne kasoro robo, kiwanda kikiwa na watu wachache, vipande vya plastiki vilitua kwanza, kimoja kimoja, bila sauti. Drili ikalala juu ya godoro. Binti alikuwa ameshika mkono mmoja wa baba yake, mkewe ameshika mwingine, Spana amesimama kwenye nguzo yenye chaki. Shemeji akamwambia mkewe kwamba mlango wa nyuma wa nyumba unahitaji kusukumwa kwa bega ndipo ufunge. Visigino vikagusa kitambaa cha godoro, laini, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Halafu mita tisa zote zikamfikia kwa pamoja. Sauti ilisikika mpaka getini. Godoro lilipasuka katikati na sponji ikatoka, na mikono miwili iliyoshikwa ikabaki imeshikwa.

Daktari aliandika kwamba mtu huyu ameanguka kutoka juu, leo.

Akazikwa Jumapili. Watu walikuwa wengi, kwa sababu alikuwa shemeji wa kila mtu. Fasta alikuja na sanduku la soda na akasaidia kufukia.

Wiki mbili baadaye Spana aliitwa na ofisa wa usalama. Nailoni ilikuwa bado kwenye kofia. Ofisa alimpa pole, akamkaribisha kiti, akaweka maelezo yake mezani pamoja na cheti cha daktari. Alieleza bila ukali. Ajali, kwa mujibu wa daktari, ilitokea Jumamosi. Jumamosi hiyo kampuni haikuwa na kazi yoyote kwenye paa lile, mradi ulishakabidhiwa na kuzinduliwa, na kamba ilikuwa imefungiwa stoo, daftari linaonyesha. Maelezo ya Spana yanahusu siku ambayo hakuna aliyejeruhiwa, fomu ipo, na yamegongwa muhuri karibu mwezi mzima kabla ya ajali. Mtu hawezi kuwa shahidi wa jambo ambalo halijatokea. Isitoshe, marehemu alishaondolewa kwenye orodha tangu ile Jumanne, kwa kutoka kazini bila kuaga. Ripoti ya kwanza itabaki kama ilivyo.

Spana akauliza kama hata ile sentensi ya kuhesabu itabaki.

"Hiyo mwenyewe alikiri," ofisa akasema.

Ile nakala Spana alimpa binti wa marehemu. Mtoto aliisoma mara mbili, akaipeleka shuleni. Mwalimu akasema mwandiko unasomeka.

Spana hakuacha kazi. Kuna watu watasema angeacha, na watu hao hawana watoto wanne. Mwezi uliofuata kampuni ilipata kazi ya ghala la nafaka, paneli mia tano, na ofisa wa usalama alikuwa ameboresha fomu. Sasa palikuwa na mstari mpya juu kabisa: urefu wa paa, kwa siku. Asubuhi ya kwanza Fasta aliwasomea mafundi kabla ya kupanda. Ghala lilikuwa refu kuliko kiwanda, siku mia na kumi. Vijana wawili wapya wakatazamana, mmoja akasema si haba, mtu unaweza hata kusubiri mavuno. Winchi ilikuwa njiani.

Jumapili Spana alikwenda kwa mdogo wake kurekebisha mlango wa nyuma. Alitoa bawaba, akapiga randa ukingo, akarudisha, ukafunga bila kusukumwa. Mdogo wake alijaribu kuufunga na kuufungua, akasema umekaa vizuri. Akamtolea kiti na chai. Walikaa pande mbili za meza. Binti alikuwa sakafuni na daftari lake la hesabu.

"Hilo paa la sasa lina siku ngapi?" mdogo wake akauliza.

"Mia na kumi."

Mwanamke akahesabu miezi kwa vidole, chini ya meza, mpaka akafika siku ya mia na kumi.

"Na kamba?"

Spana alitazama kikombe chake. Angeweza kusema ipo.

"Inavuta paneli," akasema.

Mdogo wake akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akamwongezea sukari kijiko kimoja, kama alivyojua anapenda.

"Kunywa, fundi," akasema. "Inapoa."